Mjusi wa Dirishani na Chozi wa Mpapai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupiga Picha Viumbe wa Karibu

Nakaa Tanga, katika nyumba ya kupanga yenye mpapai mmoja uani, mnazi wa jirani unaoinamia upande wetu, na taa ya barazani inayowaka mpaka saa nne usiku. Napiga picha viumbe wanaopita hapo. Maswali haya nimeulizwa na majirani, ndugu, vijana wa bodaboda wanaonikuta nimesimama chini ya mti nimeinua simu, na watu wanaotaka kuanza lakini hawajui waanzie wapi. Nimeandika yale yanayojirudia.

## Mwanzo kabisa

Si lazima niende mbugani?

La. Mbugani utamwona simba mara moja, naye amelala, na magari saba yamemzunguka. Uani kwako unaweza kumwona chozi, kijidege cha maua, yuleyule asubuhi arobaini mfululizo, mpaka ukajua atatua tawi lipi kabla hajatua. Sina ugomvi na Serengeti wala Tsavo. Nikipata nafasi naenda. Lakini raha niliyoipata mimi kwenye shughuli hii imetokana na kumjua mmoja kwa muda mrefu, wala si kuwaona wengi kwa siku moja. Mengi ya majibu yaliyo hapa chini yanatoka kwenye jambo hilo.

Nahitaji kamera gani?

Simu uliyonayo. Kabla hujafikiria kununua kitu, ifute lenzi yake kwa kitambaa laini cha pamba. Watu huniletea picha zenye ukungu wakiuliza kama simu yao imezeeka, kumbe ni mafuta ya chapati.

Jambo la pili ni kuvuta picha kwa vidole viwili. Simu nyingi zina kikomo ambacho lenzi inavuta kweli, na ukikipita simu inakuza tu kile ilichokwisha kukiona, kama mtu anayeitazama picha ya gazeti kwa kioo cha kukuzia. Ni afadhali usogee hatua mbili, au umwache ndege awe mdogo ndani ya picha, na mnazi wake uonekane. Picha ya ndege mdogo kwenye mti mkubwa si picha iliyoharibika.

Ukija kununua kamera, ya mtumba yenye lenzi ya milimita 300 inatosha kwa ndege wa bustani. Kwa wadudu kuna vilenzi vya kubana kwenye simu. Vinataka umkaribie mdudu sentimita chache, kwa hiyo anza na jongoo, ambaye hana haraka.

Nianze na mnyama gani?

Mjusi kafiri. Yupo karibu kila nyumba ya Pwani, huja mahali pamoja kwa saa ileile, na ukikosea leo kesho yupo. Hakuna mwalimu mvumilivu kama huyo. Najua wengi wetu tulilelewa kumpiga kwa ufagio, na hadithi zake tumezisikia. Mimi nakuomba umtazame kwanza.

Fanya hivi. Washa taa ya nje, zima ya ndani, kisha simama ndani ya dirisha la kioo. Wadudu watakuja kwenye taa, naye atawafuata. Akipanda juu ya kioo utamwona tumbo lake, na ukitulia utaziona nyayo: kila kidole kina mikunjo midogo iliyopangwa safu kwa safu kama jamvi. Mikunjo hiyo ina vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na ndivyo vinavyomshika kwenye kioo kilicho wima. Subiri kidogo zaidi utamwona akilamba jicho lake mwenyewe. Hana kope za kupepesa, kwa hiyo ulimi ndio unaosafisha.

Wa kwangu anaitwa Kibutu, kwa sababu nilipomfahamu mkia wake ulikuwa umekatika karibu na shina. Mkia ulioota upya haufanani na wa awali: ngozi yake ni laini zaidi na michirizi ya rangi haiendelei. Alama ya namna hiyo ndiyo inayokuwezesha kumtambua mmoja kati ya sita walioko ukutani.

Saa ngapi ni nzuri kupiga picha?

Saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu asubuhi, kisha saa kumi mpaka jua lizame. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda kama lililorushwa. Saa nne tayari liko juu sana, kivuli cha mdomo kinaanguka kifuani, na macho ya ndege yanakuwa mashimo meusi. Siku ya mawingu unaweza kupiga mchana kutwa.

Saa bora kuliko zote haina ratiba. Ni pale mvua kubwa ya kwanza inapokatika na kumbikumbi wakaanza kutoka. Dakika ishirini au thelathini kila kiumbe kinakuja kula: kunguru, yangeyange, vyura, mijusi, kuku wa jirani, na watoto wa jirani wenye sufuria. Acha chai ipoe.

Majina yao siyajui. Nitayapataje?

Uliza wazee kwanza. Kiswahili kina majina mengi ya ndege kuliko tunavyodhani, ila yanabadilika kutoka mji mmoja hadi mwingine. Ndege yule mkubwa wa rangi ya kahawia anayejificha vichakani na kutoa mlio kama maji yanayomiminika kutoka kwenye chupa wengine humwita tipitipi, wengine dudumizi, na wapo wanaoapa kwamba akilia mvua i njiani. Andika jina ulilopewa na mahali ulipopewa.

Kisha tumia programu ya simu. Merlin, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni ya bure na inapendekeza jina kutokana na picha. iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008, inakubali viumbe wa kila aina, na watu wenye ujuzi hukusahihisha. Inakosea, hasa kwa ndege wadogo wa kahawia, nao watu hukosea papo hapo.

## Mmoja mmoja

Chozi hatulii, na nikimpata anatoka mweusi. Nakosea wapi?

Umesimama upande mbaya wa jua. Kijani na zambarau ya chozi dume haimo ndani ya unyoya kama rangi ilivyomo ndani ya kanga. Inatokea mwanga unapogonga unyoya wenye mpangilio maalumu na kurudi. Mwanga ukiwa nyuma yake, au akiwa kivulini, utaona kijidege cheusi. Akigeuka kidogo tu kuelekea jua, kifua kinawaka kama bati jipya. Kwa hiyo jua liwe mgongoni mwako, na ukubali kwamba kati ya picha thelathini, mbili tu ndizo zitakazowaka.

Kuhusu kutotulia: usimfuate. Tafuta ua analolipenda, lenga hapo, subiri. Wangu anapenda mpapai dume. Mama mwenye nyumba alitaka kuukata. "Mwanangu, mpapai dume wa kazi gani? Hauzai." Nikamwambia, "Mama, unazaa chozi." Akacheka, akauacha, sijui kama ni kwa sababu ya chozi au kwa sababu nilikuwa nimelipa kodi ya miezi sita siku hiyo. Maua ya mpapai dume yananing'inia kwenye vikonyo virefu. Chozi hutua juu ya kikonyo, huinama, na huingiza mdomo wake uliopinda. Kikonyo kinalemewa, anasukasuka, anashikilia. Hapo, akiwa ameinama, ndipo anapotulia kwa pumzi moja. Bonyeza na ushikilie kitufe ili simu ipige picha mfululizo.

Mnana wanapiga kelele kwenye mnazi kutwa. Nipige nini hasa?

Piga ujenzi. Huyu ndiye ndege ninayempendekeza kwa yeyote mwenye likizo ya wiki mbili na kiti cha plastiki.

Dume hutua kwenye ukuti, huuma pembeni mwa jani moja, kisha huruka akiwa ameshikilia, na jani linachanika lenyewe kuwa uzi mrefu wa kijani. Ukitazama minazi yenye mnana utaona kuti zimebaki njiti tupu. Anaanza na pete. Anafunga nyuzi mpaka anapata duara la kusimama ndani yake, kisha anasuka mbele na nyuma mpaka pale mdomo wake unapofika. Ukubwa wa nyumba ni urefu wa shingo yake mwenyewe.

Kikishakuwa kiota, ananing'inia chini yake kichwa chini, anatikisa mabawa na kupiga mayowe kuwaita majike. Jike huja, huingia, huvuta uzi mmoja au miwili kama mtu anayekagua mkeka sokoni, na mara nyingi huondoka. Kiota kibichi kina soko. Kikikauka na kuwa kahawia bila mpangaji, dume mwenyewe hukifumua na kuanza upya. Nimempiga picha dume mmoja akifumua kazi yake ya siku kadhaa, nyuzi zikianguka kwenye kamba yetu ya nguo. Nyumba tatu mwezi ule. Picha ile ya nyuzi kavu juu ya shati jeupe la shule naipenda kuliko picha zote za ndege mwenyewe.

Kama una kamera yenye mipangilio, weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde au fupi zaidi, la sivyo mabawa yatakuwa moshi. Kwenye simu, piga kukiwa na jua la kutosha na simu itajipangia.

Kinyonga nampata wapi? Mchana simwoni kabisa.

Mtafute usiku kwa tochi. Anapolala ngozi yake hupauka, na tochi ikipita kwenye kichaka anang'aa kama karatasi iliyosahauliwa juu ya majani. Mwanga wa tochi usimkae machoni. Piga picha mbili tatu, umwache alale. Kisha rudi alfajiri, utamkuta palepale kabla hajaanza safari.

Wengi hudhani hubadilika rangi ili afanane na mahali alipo. Mara nyingi rangi zile zinaeleza hali yake: ana baridi, ana hasira, anamtaka mwenzake. Ukiona amegeuka madoadoa meusi, amejivimbisha na kufungua kinywa, anakwambia uondoke. Ondoka. Wanaomwogopa wanaogopa bure, kwani hana sumu, lakini sijawahi kumshawishi mtu kwa maneno. Picha ya macho yake, moja likitazama mbele na jingine nyuma, imewashawishi wachache.

Jina lake la Kiswahili limeingia katika sayansi. Mwaka 2006 wataalamu walitenga kundi la vinyonga, wengi wao wa milimani Afrika Mashariki, wakaliita *Kinyongia*. Baadhi yao wanaishi milima ya Usambara, safari ya saa chache kutoka barazani kwangu.

Kunguru naye anastahili picha?

Kwa nini asistahili? Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, akaenea Pwani nzima. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na mwaka 2024 mamlaka ya wanyamapori ya Kenya ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja Pwani. Simtetei. Lakini hakuna mnyama wa mjini anayefanya mambo mengi kama yeye mbele ya macho yako: kufungua mfuko wa takataka kwa utaratibu, kuchovya mkate mkavu kwenye dimbwi, kumsumbua mwewe mpaka ahame mtaa. Ni mweusi, kwa hiyo kamera hudanganyika; gusa mwili wake kwenye kioo cha simu ili iuongezee mwanga.

Na komba? Namsikia kila usiku.

Mlio ule kama wa mtoto umewatia watu wengi hofu, na masimulizi yake yanatofautiana kijiji kwa kijiji. Tochi ikimpiga macho yanawaka kama makaa mawili. Usitumie flashi usoni mwake, wala kwa bundi. Macho yaliyoumbwa kwa giza yanapofushwa kwa muda, na mnyama aliyepofuka anaweza kukosa tawi. Tumia tochi dhaifu iliyofunikwa kwa plastiki nyekundu, na ukubali picha yenye chembechembe. Mimi nina moja tu ya komba inayofaa, nayo inaonyesha mkia.

Popo je?

Piga jioni wanapotoka, mbingu ikiwa bado na rangi ya chungwa, nao wawe vivuli. Ukifika Pemba, nenda Kidike ukawaone popo wakubwa wa kisiwa hicho, wasiopatikana kwingine duniani. Mabawa yakikunjuliwa yanapita mita moja na nusu. Mchana wananing'inia mitini wakijipepea kwa bawa moja, na mwanga unapita ndani ya ngozi kama kwenye karatasi ya mafuta. Katika mapango ya popo, kwa mfano Amboni huku kwetu, usiwamulike wakiwa wamelala.

## Adabu na watu

Mlinzi ananifukuza nikitoa kamera. Nifanyeje?

Salamu kwanza, kamera baadaye. Ukifika na kamera shingoni bila neno, wewe ni mtu wa mashaka. Mimi husema:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatafuta nini hapa?"

"Namtafuta mdiria, yule ndege wa buluu anayevua pale mtaroni. Tazama, wa jana huyu hapa."

Ukimwonyesha picha, kazi imekwisha. Mara nyingi mzee atakwambia ndege huyo hulala wapi, maana yeye yupo hapo usiku na mchana kuliko mtaalamu yeyote.

Pamoja na hayo, yapo maeneo ambayo hata salamu haisaidii: kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari, Ikulu. Tausi wakikatiza nje ya uzio wa Ikulu pale Dar es Salaam, watazame kwa macho. Droni nazo, Tanzania na Kenya, zinataka kibali.

Jirani anadhani nampeleleza.

Mti mzuri kwa bahati mbaya mara nyingi uko mbele ya dirisha la mtu. Mwambie mapema, mpe nakala ya picha ya ndege wake, na usipige nguo zikiwa kwenye kamba. (Shati la shule nililolitaja kwenye swali la mnana lilikuwa la mwanangu.)

Kuna hukumu gani ya dini juu ya picha za viumbe hai?

Huulizwa sana huku Pwani. Wanazuoni wametofautiana, na wako wanaotenganisha picha ya kamera na ile ya kuchorwa au kuchongwa. Muulize sheikh unayemwamini. Nina rafiki ambaye baada ya kuuliza alichagua kupiga nyayo, viota, magamba na manyoya tu, na mkusanyiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Naweza kuwawekea chakula ili waje?

Maji ndiyo, chakula hapana, hasa kwa tumbili. Sinia pana lenye maji ya kina cha kidole, likisafishwa kila siku ili mbu wasizaliane, litaleta shore, njiwa na nyuki. Tumbili aliyezoea ndizi ya mkononi siku moja ataingia jikoni, na atakayelipia tabia hiyo ni yeye.

Na kumchezea ndege sauti ya mwenzake kwenye simu?

Anadhani amevamiwa. Anaacha makinda, anakuja kupigana na kipaza sauti. Mimi sifanyi hivyo.

Kiota chenye makinda?

Piga ukiwa mbali, mara moja, bila kukata jani hata moja linalokizuia kuonekana. Jani lile ndilo linalokificha kiota, kunguru asikione. Mama akikaa na chakula mdomoni bila kuingia, anakungoja wewe uondoke.

## Hatari

Nikikutana na nyoka nipige picha?

Kwa simu, hapana. Simu inakutaka usogee, na nyoka anataka usisogee. Swila anaweza kukutemea sumu machoni kutoka mita mbili au zaidi. Ikitokea, osha kwa maji mengi, usisugue, uende hospitali. Picha nzuri za nyoka hupigwa kwa lenzi ndefu na watu wanaojua wanachokitazama.

Nimekwaruzwa na tumbili, au popo ameniuma.

Weka kamera chini. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ueleze ni mnyama gani, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Hata kama ni kidonda kidogo.

Kitu gani kimewahi kukuumiza zaidi?

Siafu. Nililala kifudifudi nimpige vunjajungu usawa wa macho, nikahisi kitu kwenye kifundo cha mguu, kisha gotini, kisha sikutaka tena kujua kiko wapi. Watu walionitazama nikivua suruali nyuma ya kichaka bado wananikumbusha. Kagua ardhi kabla ya kulala.

## Hewa ya Pwani

Nikitoka ndani lenzi inaota ukungu. Imeharibika?

Haijaharibika. Umetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto lenye unyevu, nao mvuke unaganda kwenye kioo baridi kama kwenye chupa ya soda. Iweke kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, utoke nayo, na uufungue baada ya robo saa. Usifute, utausambaza tu. Mimi nimeacha kiyoyozi. Sababu ya kweli ni bili ya umeme, ila nikiulizwa husema ni kwa ajili ya lenzi.

Ndani ya lenzi kuna nyuzi nyeupe kama utando.

Hiyo ni kuvu. Inapenda giza na unyevu, yaani kabati lako. Hifadhi lenzi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na itoe mara kwa mara ipate mwanga. Ukitoka ufukweni, futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Chumvi haina huruma.

## Baada ya kupiga

Nikifuta waya wa umeme kwenye picha, ni uongo?

Kwa picha ya kuning'iniza sebuleni, shauri lako. Kwa picha unayoipeleka iNaturalist au unayosema inaonyesha maisha ya mnyama, usiufute. Tena mimi waya nimeupenda. Chozi wa mjini hukaa kwenye waya, na siku ukifuta nyaya zote utakuwa umepiga picha ya ndege asiyekuwepo. Kuongeza mwanga na kukata pembeni hakunisumbui. Kumhamisha ndege kutoka ukutani hadi kwenye ua, huo ni uongo.

Nitaje mahali nilipompigia?

Chozi, mnana, kunguru: taja. Bundi mwenye kiota, kinyonga wa nadra, na hasa kakakuona, anayewindwa kwa magamba yake: usitaje, na uzime kumbukumbu ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha, maana faili lenyewe linaweza kueleza. iNaturalist huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini, lakini ukipataja mwenyewe kwenye stetasi ya WhatsApp hakuna wa kukufichia.

Picha zangu za kawaida zina faida gani kwa sayansi?

Zinaonyesha nani alikuwa wapi na lini. Mbugani wapigaji ni wengi, mtaani kwako huenda ni wewe peke yako. Ukitaka wenzako, Nairobi kuna Nature Kenya, jina la leo la chama kilichoanzishwa mwaka 1909, ambacho Jumatano asubuhi hutembea kutazama ndege.

Naweza kuziuza?

Unaweza, kidogo. Usiache kazi.

## Mambo ya pembeni

Naishi mjini kabisa. Hakuna wanyama.

Nairobi wapo makorongo wakubwa wenye mfuko shingoni juu ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo, na Kampala wako hata juu ya mapaa. Mwanza mijusi dume wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu wanapiga pushapu juu ya majabali, na pimbi wanaota jua kando yao. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 2.18 tu, kiko ndani ya jiji. Ndugu zetu walioko Muscat wana tai juu ya vichwa vyao. Na kama uko ghorofa ya nane huna hata mti, rudi kwenye swali la mjusi.

Siwezi kutembea mbali, naumwa miguu.

Nusu ya picha nilizozieleza hapa nimepiga nikiwa nimekaa. Kiti, dirisha, sinia la maji. Bibi yangu mdogo, ambaye magoti yamemwishia, ana picha za shore akioga ambazo mimi sijafikia, kwa sababu yeye yupo saa zote ndege anapokuja, na mimi niko kwenye baiskeli nikikimbilia kazini.

Mtoto wa miaka sita anaweza?

Mpe simu ya zamani isiyo na laini. Atapiga jongoo mara themanini. Usimrekebishe.

Simu imejaa. Nifute zipi?

Futa mfululizo: kati ya picha thelathini za chozi bakiza tatu. Futa ulizopiga kwa kuvuta kupita kiasi. Futa za mwezi wa angani.

Usifute zile mbaya za mnyama unayemfuatilia. Ninayo ya kwanza ya Kibutu, imetikisika, taa imeunguza nusu ya fremu, na mkia ni kijitufe tu. Nilitaka kuifuta mara mbili. Baada yake ipo ya wiki ya tatu, ya mwezi wa pili, na ya juzi. Juzi alikuwa kioo kilekile, amemshika kumbikumbi mmoja mdomoni, mabawa mawili yamebandika kwenye kioo, na mkia umerefuka mpaka umevuka fremu ya dirisha. Ndugu yangu aliyeitazama alisema ni mjusi mwingine. Ikabidi nimwonyeshe zote nne.